Nguzo ya Tatu

Asubuhi hiyo ya Jumanne, mwaka 1931, jirani yetu Ada Trembath alikuwa akipiga deki ngazi za jumba la halmashauri ya mji wa Karramoor. Jumba lilijengwa enzi za machimbo ya dhahabu, na majivuno yake hayakujificha: nguzo sita nene kama za hekalu la Wayunani, juu yake pembetatu ya mapambo. Wageni hudhani nguzo zile ni jiwe tupu. Uongo. Ni matofali yaliyopigwa lipu, katikati uwazi, humo limefichwa bomba la maji ya mvua. Mimi jengo linalodanganya silipendi.

Mabomba yale aliyatia Jory, mumewe Ada. Wiki ya mwisho ya ujenzi, msimamizi alikuwa akiharakisha kufunika vichwa vya nguzo kabla wakubwa hawajafika kulizindua jumba. Jory hakurudi nyumbani.

"Katorokea machimbo ya magharibi," msimamizi alimwambia Ada. "Msahau."

Ada alizichoma nguo za mumewe uani. Miaka thelathini na saba akamlaani.

Sasa maji ya mvua yalikuwa yakifurika ukumbini, na Clem, fundi bomba, ameitwa.

"Nguzo ya tatu imeziba, Bi Ada. Au paka wa meya kafia humu?"

"Bomoa, acha domo. Ngazi nimeshazipiga deki mara mbili kwa ajili ya matope yako."

Clem akagonga kwa nyundo, mara mbili.

Nguzo ikajibu. Mara mbili.

"Mwangwi tu," alinong'ona Clem.

Akatoa tofali. La pili. La tatu. Akaingiza taa.

Hapakuwa na mtu. Hapakuwa na mfupa. Palikuwa na alama za viganja kwenye chokaa, upande wa ndani, zikipanda. Juu kabisa, chini ya kifuniko, zilirundikana, moja juu ya nyingine.

Clem akagusa moja. Chokaa ilikuwa mbichi.

Ada akapiga magoti, akaingiza uso tunduni.

"Jory," alisema polepole. "Nguo zako nilizichoma. Nilidhani umeniacha."

Ndani, kitu kilishusha pumzi. Kisha maji yakaanza kuteremka.

Mchana mama yangu ndiye aliyemvua Ada koti. Mgongoni, chini kidogo ya bega, palikuwa na kiganja cheupe cha mwanamume, pale pale mume anapomshika mkewe wakicheza dansi. Clem aliapa hakumgusa.

Walilifua koti mara tatu. Alama haikutoka. Ada alizikwa nalo.