Ombi la Wapagazi wa Lwanzari

Katika miaka ile ambapo pembe za ndovu ziliteremka pwani juu ya mabega ya watu, na safari ya kutoka nchi ya Wanyamwezi hadi baharini ilichukua miezi mitatu ikiwa mvua na maadui wamekubali, palikuwa na nyampara mmoja aliyeitwa Lugembe. Alikuwa mkuu wa wapagazi themanini katika msafara wa watu mia mbili. Alivaa ngozi ya mbuzi iliyofungwa bega moja, na njuga za chuma vifundoni. Bega lake la kulia lilikuwa na sugu nene kama ganda la mti, kwa maana njia ile alikwisha kuipita mara kumi na mbili. Kazi yake ilikuwa kubeba pembe yake mwenyewe, na pia kubeba maneno ya wapagazi kuyapeleka kwa mwenye msafara. Mwaka huo aligundua kwamba pembe ndiyo iliyokuwa nyepesi.

Mwenye msafara alikuwa Mwinyi Hatimi, mtu wa mwambao, mpole wa sauti, mwenye kanzu ya darizi na jambia la mpini wa fedha. Alisafiri ndani ya machela, yaani kitanda cha kamba kilichotundikwa kwenye mti mrefu na kubebwa na watu wanne. Hakuwa mkali, hakuna mpagazi aliyewahi kupigwa kwa amri yake. Lakini alikuwa na desturi moja. Mpagazi aliyeshindwa kutembea aliachwa kando ya njia na kibuyu cha maji na unga wa siku mbili, mzigo wake ukagawiwa wenzake, kisha ngoma ya safari ikapigwa. Kufikia mwezi wa pili walikuwa wameachwa watu wanne. Wa nne alikuwa Nkwabi, kijana mcheshi aliyeteguka goti, ambaye nyimbo zake ndizo zilizowatembeza wenzake mchana wa jua kali.

Jioni ya siku aliyoachwa Nkwabi, Lugembe alikwenda kwenye hema la Mwinyi.

"Wapagazi wanaomba neno moja tu," alisema. "Mgonjwa asiachwe njiani. Abebwe. Tutapokezana wenyewe. Hatuombi mtu wa ziada wala posho ya ziada."

Mwinyi Hatimi alimsikiliza mpaka mwisho, akaitikia kwa kichwa kwa upole. "Neno jema, Lugembe. Ila ninasikia mdomo mmoja tu. Nitajuaje kama si mawazo yako peke yako? Waje wenyewe waseme."

Kesho yake jioni walikuja wote themanini, wakaketi chini mbele ya hema, mikono mitupu. Mwinyi alipofunua pazia na kuwaona, uso wake ukabadilika.

"Mnanijia kama jeshi? Watu wengi hivi wakija kwa pamoja, jina lake ni uasi. Teueni wachache, wapitie kwa Jemadari, naye Jemadari aniletee mimi."

Jemadari Sudi ndiye aliyekuwa mkuu wa askari arobaini wenye bunduki za gobori. Lugembe alimkuta akianika baruti juu ya ngozi ya ng'ombe, akamweleza.

"Mimi ni mtu wa bunduki," Jemadari alisema bila kuinua macho. "Mambo ya wapagazi yana nyampara wake."

"Nyampara ni mimi."

"Basi jipelekee mwenyewe."

Lugembe aliitazama baruti, akajizuia asiipige teke.

Siku ya sita tangu Nkwabi aachwe ndipo mguu wa Kasubi ulipovimba. Kasubi alikuwa rafiki wa Lugembe tangu ujana wao; mwiba ulikuwa umemwingia unyayoni, naye akaendelea kutembea nao mpaka mguu ukawa mkubwa kama mtungi. Mkewe, Mbuke, alikuwa miongoni mwa wanawake waliofuatana na msafara wakibeba vyungu na mikeka. Asubuhi Kasubi alijaribu kusimama, akaanguka. Mbuke alimtazama Lugembe. Lugembe akachukua watu watatu, na Mbuke akiwa wa nne, wakaenda kwa Mwinyi, ambaye alikuwa tayari ameketi ndani ya machela.

"Tuko wachache, kama ulivyoagiza," Lugembe alisema. "Kwa Jemadari tumepita. Ombi ni lilelile. Na leo lina jina: ni Kasubi."

"Nimesikia," alisema Mwinyi.

Wakangoja. 

"Mwinyi, umesikia, na jibu?" aliuliza Mbuke.

"Mama, mtu akikuambia amesikia, hilo si jibu? Jambo kubwa haliamuliwi njiani. Tukifika mto Lwanzari nitalitazama." Akainua mkono, na ngoma ikapigwa.

Na Lugembe, ambaye alikuwa na maneno tele kifuani, alijitwika pembe yake akaenda. Hilo ndilo lililomuuma miaka yote iliyofuata: kwamba ngoma ililia, na miguu yake ikatii.

Walitembea asubuhi yote katika nyika isiyo na kivuli. Jua lilipofika utosini, Mbuke alitua vyungu vyake katikati ya njia, kimoja baada ya kingine, kwa utaratibu kama anayepanga jikoni kwake. Msafara ukakwama nyuma yake.

"Mimi ninarudi," alisema.

"Shemeji," alisema Lugembe, "huko nyuma hakuna maji."

"Ndiyo maana ninarudi."

Lugembe alimtazama, kisha akainama, akalaza pembe yake kando ya vile vyungu. Watu kumi wengine wakatua mizigo bila kuulizana. Machela ikasogezwa mbele kwa haraka, pazia likafunuliwa.

"Nani amekupa ruhusa, Lugembe?"

"Ruhusa niliiomba mara tatu, Mwinyi."

"Sitawangoja. Kesho asubuhi tunavuka mto."

"Vukeni," alisema Lugembe, akageuka.

Walifika mahali pale alipoachwa Kasubi jua likiwa limeanza kushuka. Kibuyu kilikuwepo, kimejaa maji. Kasubi hakuwepo. Vumbini palikuwa na alama za viatu vya ngozi, viatu vya watu wengi, na mburuzo wa mguu mmoja. Walizifuata alama mpaka kwenye korongo la mto mkavu, wakalala kifudifudi ukingoni, wakachungulia. Chini waliwaona ruga-ruga wapatao sitini, wapiganaji wasio na mtemi walioishi kwa kunyang'anya misafara. Vichwani walifunga vitambaa vyekundu, shingoni walivaa shanga za meno ya watu, na bunduki zao walikuwa wamezisimamisha pamoja kama kuni. Kasubi alikuwa ameketi pembeni, mikono imefungwa.

Mtu mmoja alipanda korongo akichechemea, ana kata ya kuchotea maji, akielekea kwenye kisima kilichofukuliwa karibu na walipojificha. Mbuke alimtambua kwanza.

"Nkwabi!" alinong'ona. "Nkwabi, tulikulilia!"

Yule kijana alisimama. Hakushtuka sana. "Mlinilia huku mkitembea," alisema.

 Nkwabi aliketi ukingoni mwa kisima, mguu mbaya ameunyoosha, akaanza kuchota kana kwamba wao hawapo.

"Hawa waliniokota siku ya tatu, maji yamekwisha. Wamenipa nyama. Wakaniuliza habari za msafara, nikawaambia. Bunduki arobaini. Baruti iliyolowa. Kwamba askari huvuka mto kwanza, ndipo wapagazi wafuate. Kesho watawapiga mkiwa majini, askari wako ng'ambo na mizigo iko vichwani."

"Umetuuza," alisema mmoja wa wapagazi.

"Niliuzwa na nani kwanza?"

Lugembe alimzuia mwenzake kwa mkono. "Njoo nasi, Nkwabi. Tutakubeba."

"Sasa ndiyo mtanibeba. Siku ile ulikuwa wapi?"

"Tuliomba. Jioni ileile nilikwenda kwa Mwinyi. Tumekwenda mara tatu."

"Mara tatu," Nkwabi alirudia, akacheka kicheko kifupi kisicho na furaha. "Mwaka mzima mngeomba. Yule mtu hakosi masikio. Anakosa sababu ya kuyatumia."

Alijaza kata yake, akasimama kwa shida. Akasema kwamba wenye bunduki walikuwa wakilala baada ya kula, na kwamba yeye atamfungua Kasubi na kumleta hadi kisimani kwa kisingizio cha kumnywesha. Akitakiwa kueleza, atasema mgonjwa amekufa naye amemtupa makorongoni. Alifanya hivyo kweli. Lugembe alipomshika mkono amvute aje nao, Nkwabi aliuchomoa mkono wake polepole, akashuka tena korongoni, wala hakugeuka.

Walimbeba Kasubi katika kipande cha kitambaa cha merikani kilichofungwa kwenye mti, wakipokezana wawili wawili, wakakata njia ya mkato bila kulala. Kulipopambazuka walikuwa Lwanzari. Mto ulikuwa mpana na wa kahawia, maji ya kifuani, matete yamesimama pande zote mbili. Askari walikuwa wamekwisha kuingia majini, bunduki zimeinuliwa juu ya vichwa.

Lugembe alikimbia moja kwa moja kwenye machela.

"Mwinyi, waite askari warudi! Ruga-ruga sitini wamo mateteni upande huu. Wanangoja tuingie."

"Habari hizi umezipata kwa nani?"

"Kwa Nkwabi. Yumo kwao."

"Nkwabi niliyemwacha? Basi huyo ni mtu mwenye kinyongo, haaminiki." Mwinyi alijipangusa shingo kwa kitambaa. "Na habari za vita, Lugembe, zina njia yake. Mpelekee Jemadari."

"Jemadari yuko katikati ya mto!"

"Basi mngoje afike."

Lugembe alirudi nyuma hatua moja. Wenzake waliokuwepo walisema baadaye kwamba hawakuwahi kumwona mtu akichoka kwa ghafla namna ile, kana kwamba mizigo ya safari zote kumi na tatu ilimshukia kwa mara moja. Aligeuka akawatazama wapagazi, waliokuwa wamesimama ukingoni na mizigo begani wakingoja amri ya kuvuka.

"Tueni!" alipiga kelele. "Hatuvuki! Tueni mizigo hapa, duara, pembe chini na ngozi juu! Wanawake ndani!"

Wapagazi themanini walitua kwa mkupuo mmoja, na wa manyampara wengine wakawafuata. Pembe zikalazwa moja juu ya nyingine, robota, yaani mafurushi ya ngozi kavu, zikapachikwa juu, mpaka ukuta ukafika kiunoni.

"Huu ni uasi!" Mwinyi alisema, sauti yake ya upole imekwisha. "Nyanyueni! Ninawaamuru..."

Risasi ya kwanza ilitoka kwenye matete, ikapasua mti wa machela. Mwinyi Hatimi akaanguka chini kwa kishindo, akatambaa kwa magoti na viganja mpaka nyuma ya ukuta wa pembe zake mwenyewe.

Ruga-ruga walitoka wakipiga mayowe, wakitarajia watu walio majini, wakakuta boma. Risasi zao zilizama katika ngozi kavu au zikateleza juu ya pembe. Wapagazi walikuwa na mikuki ya kutembelea na pinde chache, nao walipigana kwa ukimya, kila mmoja nyuma ya mzigo wake. Mbuke na wanawake wenzake waliwarushia mawe ya mafiga. Mara mbili adui aliruka ukuta, na mara zote mbili akatolewa. Lugembe alichomwa sime pajani na hakujua mpaka vita vilipokwisha. Jemadari Sudi alipoona yanayotokea aliwarudisha askari wake mbio, wakapiga kutoka mtoni, na ruga-ruga wakajikuta kati ya mikuki na gobori. Kabla ya adhuhuri waliobaki walikuwa wamekimbia. Lugembe aliwageuza maiti wao mmoja mmoja. Nkwabi hakuwemo, wala hakuonekana tena.

Wapagazi tisa walikuwa wamekufa, nao wakazikwa. Kumi na wanne hawakuweza kutembea.

Mwinyi Hatimi alivaa kanzu safi, akasimama mbele ya watu. "Leo mmefanya kazi ya wanaume," alisema. "Sitaisahau. Na lile jambo lenu, tukifika pwani nitalitazama." Akaashiria, na ngoma ikapigwa.

Hakuna aliyenyanyuka.

Mpiga ngoma alipiga tena. Wapagazi walibaki wameketi juu ya mizigo, wengine wakitafuna punje za mahindi mabichi, wengine wakijifunga majeraha.

"Msemaji wenu nani?" aliuliza Mwinyi.

Walioketi waliendelea kutafuna.

"Lugembe! Waambie wanyanyuke."

"Sina la kuwaambia, Mwinyi," alisema Lugembe, akiendelea kufunga paja lake. "Maneno yote nimekwisha kuyatumia."

Mwinyi alimgeukia Jemadari. Jemadari Sudi alitazama bunduki yake, akaitazama mizigo mia moja na hamsini iliyotapakaa ukingoni, na askari arobaini ambao hawangeweza kubeba hata robo yake. "Mimi ni mtu wa bunduki," alisema.

Jua lilisogea. Nzi walianza kuja. Mwinyi aliketi, akasimama, akaketi tena. Hatimaye akaomba aletewe msahafu wake, akauwekea mkono mbele ya wote, akaapa kwa sauti kwamba katika msafara wake hataachwa mtu aliye hai. "Na watatu wale walioachwa kabla ya Nkwabi?" Mbuke aliuliza kutoka nyuma. Mwinyi akafumba macho. Akaagiza askari kumi warudi kuwatafuta. Ndipo watu waliponyanyuka, si kwa ngoma, bali mmoja baada ya mwingine walipokuwa tayari. Wagonjwa walibebwa kwenye machela za miti na merikani. Mwinyi alitembea kwa miguu hadi pwani, kwa kuwa wabebaji wake walikuwa na kazi nyingine. Wale askari kumi waliufikia msafara siku ya tisa. Walikuwa na mtu mmoja aliye hai.

Mjini pwani, vita vya Lwanzari vilisimuliwa barazani kwa miaka mingi, na katika masimulizi hayo Mwinyi Hatimi ndiye aliyepanga ukuta wa pembe. Lugembe alirudi kwao, akalima, akazeeka. Wageni walimjia mara kwa mara wakitaka kusikia. Waliuliza ruga-ruga walikuwa wangapi, bunduki zao za namna gani, ukuta ulikuwa na kimo gani. Aliwajibu mwanzoni. Baadaye akawa anakasirika, anachukua jembe lake na kuondoka, akimwachia Kasubi, aliyechechemea hadi kufa kwake, kazi ya kuwaomba radhi.

"Wanauliza tulipigana vipi," alimwambia Mbuke siku moja, wakiwa shambani. "Miaka yote hii! Hajatokea hata mmoja aliyeniuliza kwa nini ilibidi tuombe."