Aaron Lossa Anaomba Kazi

Jumatatu, saa mbili asubuhi, Gertrude alisimama mbele ya lango la shirika moja la misaada pale Bunia, akasoma karatasi iliyobandikwa: majina ya walioitwa kwenye mtihani wa kazi ya mtunza depo, yaani ghala. Katikati palikuwa na jina la mume wake, Aaron Lossa. Aaron alikuwa amepotea miaka mitatu, tangu walipokimbia vita vya Djugu, kila mtu na njia yake.

Saa tatu alikuwa kituo cha polisi, mbele ya meza ya Inspekta Kule.

Kule alikuwa mtu wa Butembo, amehamishwa mji hadi mji mpaka mali yake yote ikatosha kwenye sanduku moja. Alipanga chumba mtaa wa Shari, akipika mwenyewe, akila mwenyewe, na redio ndiyo iliyomtakia usiku mwema.

"Ulifanya matanga yake?" aliuliza.

"Matanga ya nani, Inspekta? Nimeona maiti wapi?"

"Basi unataka nini kwangu?"

"Kama iko muzima na amenichoka, aniambie mwenyewe. Kama hapana, nijue."

Shirika lilimpa Kule nakala ya CV. Kazi zilizoorodheshwa zilifika mpaka mwaka huu. Chini ya jina paliandikwa: ameoa, baba wa watoto watatu.

"Muko na watoto wangapi?"

"Wane. Wa mwisho, Emérance, alizaliwa mbele ya kukimbia, tukiwa bado Djugu. Aaron mwenyewe ndiye alimupatia jina." Gertrude alimtazama. "Labda alisikia mumoja alikufia njiani."

"Labda," alisema Kule. Moyoni alijua: aliyeandika hapa alijua kazi ya Aaron, hakujua nyumba yake.

Gertrude alikumbuka kwamba zamani Aaron alichapishiwa CV kwa Josaphat, mwenye kibanda cha mashine ya kuchapa karibu na soko. Kule alikwenda na pingu mfukoni. Nani mwingine angekuwa na vyeti vya Aaron?

"Weye mukubwa, unataka kunifunga?" Josaphat alicheka. "Kama ningeiba CV, ningeiba ya daktari, si ya mutu wa depo."

"Nani alileta hii?"

"Mwanaume wa kofia, wiki iliyopita. Alikuja na clé ya kompyuta, ile flash ndogo, diplome zote mule ndani. Nikamushauri vile ninashaurigi wote: CV ifuate tangazo. Wanatafuta mutu wa depo? Depo ije juu, mambo ya kwaya itoke. Simu iwe ile inaita. Na mashahidi, wale watapigiwa simu, wawe watu watakujibia. Alikubali yote, kisha akaondoa shahidi mumoja."

"Yupi?"

Josaphat alifungua kwenye kompyuta CV ya zamani ya Aaron. Mashahidi walikuwa watatu: pasta, mkubwa wa depo ya Mahagi-Port, na Donatien, mwenzake wa kazi. Kwenye mpya, Donatien hakuwamo.

Jioni Kule alipita kwa Gertrude.

"Pasta wenu?"

"Alikufa."

"Mukubwa wa depo?"

"Alivuka Uganda. Simu yake haiiti tena."

"Na Donatien?"

"Yule alikimbia pamoja na Aaron. Naye hatukumuona tena."

Kule aliinama. Mtu ameambiwa aweke mashahidi wa kujibu, akabakiza wasioweza kujibu, akamfuta yule mmoja. Mtu hawezi kujishuhudia mwenyewe. Alitaka kumwambia Gertrude. Alirudi Shari, akapika, akala, na hakuwa amemwambia.

Alhamisi asubuhi, siku ya mtihani, waombaji walijaa langoni. Karani alianza kuita majina. Gertrude alisimama kando ya Kule, amevaa kitambaa chake kizuri cha kichwa.

"Aaron Lossa."

"Présent," ilijibu sauti ya nyuma.

Gertrude aligeuka kabla Kule hajamshika mkono. Mwanaume wa kofia alimwona, akashusha macho.

"Donatien," alisema Gertrude. "Aaron iko wapi?"

Kule alimshika yule mtu bega. "Sema. Uliondoa jina lako kwa mashahidi, maana huwezi kuwa watu wawili, Aaron na shahidi wake."

"Diplome zangu ziliungua na nyumba," alisema Donatien. "Kila mahali napeleka CV, wanauliza cheti iko wapi. Za Aaron zilikuwa kwenye clé, ameivaa shingoni. Risasi ilimupata njia ya Kilo. Nilimuzika na mikono yangu. Clé niliitoa shingoni kwanza."

"Na mimi niko hapa hapa Bunia," alisema Gertrude.

"Nilikuona sokoni, mama. Nikikuambia, utafanya matanga, muji muzima utajua. Mufu hapewi kazi."

Gertrude hakulia. Karani, kalamu mkononi, alikuwa amechoka kungoja.

"Aaron Lossa, iko ao haiko?"

Kule alifungua mdomo amjibie. Gertrude alimzuia kwa mkono.

"Haiko," alisema. "Andika, baba. Haiko."