Mti Uliozama Wenyewe

Kitendawili! Nikilizika linakufa, nikilifunga kamba linastawi. Ni nini hilo? Umeshindwa? Basi nipe mji. Haya, nimekwenda Bardhaman, nimekula vitamu vyao vyote, nimerudi nimeshiba. Jibu ni kangaga la majini, ule mmea wa kijani unaowekwa kwenye matangi ya kioo ya samaki wa mapambo. Shina lake ukilifukia mchangani linaoza. Lenyewe hutaka kitu kigumu cha kukumbatia, jiwe au mti, nawe hulifunga hapo kwa uzi mpaka mizizi yake ijishikize.

Tiyasha aliijua kazi hiyo vizuri. Kila akitoka shule alibadili sare, akala wali wake, kisha akaenda uani kumsaidia Shangazi Shefali, dada wa baba yake, ambaye riziki yake yote ilikuwa samaki na mimea ya matangi. Shangazi alikuwa na masharti yake. Jiwe lidondoshewe kwanza maji ya limau; likitoa povu, halifai. Mti uwe wa mpera uliokauka, ubanduliwe gome, uchemshwe mpaka uache kutoa rangi ya chai, halafu ulowekwe hadi uzame wenyewe.

Wiki ile, baada ya sikukuu ya Mama Saraswati, mungu wa elimu, shangazi alimwambia aandae mti na jiwe kwa ajili ya tangi la wazazi. Wazazi walikuwa samaki wawili, dume na jike, wenye mapezi marefu kama ncha za sari. Vifaranga vyote alivyouza shangazi vilitoka kwao. Wangekufa hao, kazi ya shangazi ingekufa nao.

Tiyasha aliitazama sufuria kubwa ya kuchemshia miti, akasikia uvivu. Wenzake walikuwa wakicheza nje. Alipopita bwawani, aliona kwenye ngazi kiunzi cha sanamu ya Mama Saraswati iliyotiwa majini baada ya sikukuu. Udongo ulikuwa umeyeyuka, zimebaki nyasi kavu na vijiti. Kijiti kimoja kilikuwa kimelala chini kabisa ya maji, cheusi, kizito, kimejipinda vizuri. Akajiambia, kama kimeshazama chenyewe, nichemshe ya nini?

Akakivuta. Kwenye nyumba iliyokuwa ikijengwa jirani akaokota kipande cheupe cha marumaru kinachong'aa, na limau akalisahau makusudi. Kijiti kilikuwa kirefu mno, hivyo akakivunja. Nusu alifungia makangaga, akaitia pamoja na jiwe kwenye tangi la wazazi. Nusu ya pili aliisukuma nyuma ya majani katika tangi kubwa la vifaranga, akakimbilia michezo.

Asubuhi, kabla ya shule, alikwenda kuwaona samaki. Maji ya tangi la wazazi yalikuwa meupe kama maji ya kuoshea mchele. Makangaga yalikuwa yanaelea, uzi umelegea. Samaki wote wawili walikuwa juu kabisa, midomo nje, wakitweta.

Nyuma yake alisimama binamu yake Dolon, akila kunazi kwa chumvi. Kabla ya sikukuu ya Mama Saraswati ni mwiko watoto kuzigusa. Sasa Dolon alikuwa akifidia siku zote hizo.

"Ule mti ni wa Mama Saraswati," alisema Dolon taratibu. "Nilikuona ukiuvuta. Mwenzangu una roho ngumu. Mtihani wa hesabu Jumatatu, halafu unamvunja mfupa mwenye elimu yake?"

Tiyasha alimwomba anyamaze.

"Mimi nitanyamaza. Yeye je?"

Tiyasha alitupa jicho kuelekea bwawani. Alitamani kukimbia, lakini alikuwa amesikia kandambili za shangazi zikija.

Shangazi Shefali hakupiga kelele. Aliwavua samaki kwa wavu, mmoja baada ya mwingine, akawatia kwenye beseni la maji safi yaliyotekwa tangu jana. Dume likatulia. Jike likalala ubavu. Kisha shangazi akautoa mti na kuukwaruza. Kucha yake ikaingia kama kwenye kiazi kilichochemshwa, na chini yake ikabaki rangi nyekundu ya sanamu. Akakamua limau juu ya jiwe, likatoa povu. Akaeleza kwamba jiwe lile lingeharibu maji polepole tu, lakini rangi na uozo wa mti havikuhitaji hata siku nzima. Akaugeuza mti, akaona ncha iliyovunjika.

"Huku pamekatika," alisema. "Nusu ya pili iko wapi?"

Tiyasha aliuokota uzi uliolegea, akawa anauzungusha kidoleni. Akilisema jambo lile kwa sauti, Mama Saraswati si atalisikia? Dolon naye alikuwa ameacha kutafuna.

Shangazi alichuchumaa, akaushika mkono wake, akaukuta wa baridi.

"Unaniogopa mimi?"

Tiyasha akatikisa kichwa.

"Unamwogopa Mama?"

Akainamisha kichwa, machozi yakamdondoka.

"Sikiliza, mwanangu. Siku tuliyomtia majini tulimuaga, naye akaenda kwao. Kilichobaki bwawani ni kijiti, nyasi na rangi, na rangi haina huruma na samaki. Kosa lako ni kuruka kazi. Mti uliokomaa huzama, na uliooza huzama vilevile; anayeitofautisha ni mtu aliyejipa taabu ya kuukwaruza. Hilo lina dawa, jioni utawasha moto tuchemshe mpera. Ukimya ndio hauna dawa. Samaki hana mdomo wa kutuambia kinachomuumiza, kwa hiyo aliyemwekea kitu majini ndiye mdomo wake. Kama hiyo nusu imo kwenye maji mengi, bado tunawahi."

Ndani ya beseni jike lilitikisa mkia, likajiinua, likasimama wima kando ya mwenzake. Tiyasha alilitazama, akajifuta pua.

"Imo kwa vifaranga, Shangazi," alisema, na mkono wa sare alikuwa ameshaupandisha hadi begani. "Niliiweka mimi."