Mashine Nane za Adalbert

Joëlle Chileshe alishika kile kifaa kwa upande mmoja, na mwanaume asiyemjua akakishika kwa upande mwingine. Hakuna aliyeachia.

Ilikuwa Jumamosi, saa tano asubuhi, katika soko la Kenya, mtaa mmoja wa mji wao, kwenye vibanda vya simu na waya. Mvua ilikuwa imetoka kupiga na udongo mwekundu ulinata kwenye viatu. Spika ya kanisa ilishindana na spika ya muuza dawa ya panya. Kifaa chenyewe kilikuwa kidogo kama kidole gumba: upande mmoja unachomekwa kwenye kompyuta, upande wa pili unaingiza kamba ya network. Kilibaki kimoja tu.

“Papa, mi njo nilikamata wa kwanza,” Joëlle alisema.

“Mama, mukono yangu ilikuwa hapa tangu zamani. Uliza mwenye kuuzisha.”

Muuzaji aliinua mabega. “Miye niliona mikono mbili. Musinitie mu mambo yenu.”

Joëlle alikuwa na miaka thelathini na mmoja. Alivaa jeans na blauzi ya kikwembe cha kijani, nywele amesuka fupi, bisibisi mbili zikichungulia mfukoni. Mwanaume alivaa shati jeupe lililopigwa pasi mpaka mikunjo ikasimama kama kisu, na viatu vyeusi vinavyong’aa. Joëlle alijiuliza mtu anatembeaje Kenya siku ya mvua na viatu visafi namna ile.

“Unajua hata hii kintu inatumika namna gani?”

“Ordinateur yangu haina tundu ya câble. Iko mwembamba sawa muntu ametoka hôpital.”

Joëlle hakutaka kucheka. Alicheka.

“Na weye, mama?”

“Niko technicienne. Hii njo kazi yangu.”

“Basi weye utapata ingine hata kesho. Miye technicienne wa kucheka vile sitamupata tena. Nipe numéro, nitakuachia kintu.”

“Weye uko muongo wa wazi.”

Alitoa namba. Na kifaa, kwa namna ambayo hakuielewa hata alipofika nyumbani, kiliondoka kikiwa mfukoni mwa mwanaume.

Jina lake lilikuwa Adalbert Kapya, miaka thelathini na minane, wa mtaa wa Hewa Bora, mtoto na mjukuu wa watu wa reli. Alikuwa mkuu wa depo katika ofisi moja ya transit, ya kupitisha mizigo forodhani, katikati ya mji. Kwa wiki tatu alipiga simu kila siku saa sita.

“Chérie, umekula?”

“Niko chini ya meza.”

“Ya nani?”

“Ya notaire. Kuna panya alikula câble.”

“Siku moja nataka nikuone chini ya meza yangu.”

“Adalbert!”

“Nasema ku ofisi, mama! Tulipata mashini makumi mbili za mpya. Mi njo nilizipokea.”

“Ulizifungua?”

“Moja moja. Nilizikamata sawa mayayi. Zote iko sawasawa.”

Huo ulikuwa uongo. Adalbert hakufungua hata katoni moja. Alihesabu makatoni, akasoma jina lililoandikwa nje, akatia sahihi kwenye bon, karatasi ya kupokelea mizigo, akapiga muhuri. Miaka kumi na moja alikuwa amepokea hivyo matairi, betri na karatasi. Lakini mwanamke huyu alijua mashine, naye alitaka aonekane mbele yake kama mtu anayejua mashine.

Joëlle naye alikuwa na siri yake. Kila Jumamosi jioni, walipokaa kunywa kitu, simu yake ililia kutoka kwao Kilwa, naye alisimama na kwenda kuongea kando, mgongo ameugeuza.

“Ni mama yangu,” alisema akirudi.

Adalbert hakuuliza zaidi.

Jumatano moja, mwajiri wake Joëlle alimtuma kuandaa mashine ishirini katika ofisi ya transit. Alimkuta Adalbert mlangoni na funguo mkononi, anatabasamu kama bwana harusi.

Kazi ilikuwa hivi. Badala ya kuandaa kila mashine peke yake, Joëlle alitengeneza moja mpaka ikawa tayari kabisa, na programu zote za ofisi ndani, kisha akaipiga nakala moja kubwa. Nakala hiyo wanaiita image. Aliiweka kwenye serveur, kompyuta kuu inayozihudumia nyingine. Mashine mpya inaunganishwa kwa kamba, inaamka, kwa akili yake ya kiwandani inapokea kwanza mfumo mdogo wa kuanzia, na huo mfumo mdogo ndio unaokwenda kuomba image kubwa kwenye serveur. Ukiandaa vizuri, mashine zote zinajaa kwa pamoja nawe unakunywa chai.

Mashine kumi na mbili zilijaa. Nane zilikataa.

Ziliamka vizuri, zikapokea mfumo mdogo, halafu dirisha jeusi likatokea na maneno mafupi: hakuna network. Taa ya kamba inawaka, na mashine inasema hakuna kamba. Joëlle alibadilisha kamba. Alibadilisha tundu. Alizizima na kuziamsha tena. Alitafuta pilote, ile programu ndogo inayoifundisha mashine kutumia kadi yake ya network, akaiingiza ndani ya image kubwa. Dirisha jeusi likarudi. Nje zilikuwa sawa na zile kumi na mbili: jina lilelile, rangi ileile, hata karatasi ya kunata ileile.

Adalbert alileta bukari, ugali wa kwao, na samaki katika sahani mbili zilizofunikwa.

“Kula, mama. Mashini haitakimbia.”

“Adalbert, hizi mashini ulizifungua kweli?”

“Si nilikuambia?” Alikuwa anatazama samaki.

Alasiri ya Alhamisi Joëlle alichukua bisibisi na kufungua moja ya zile nane, kisha moja ya zile kumi na mbili. Kadi ya network haikuwa ya kiwanda kile cha kadi za zile kumi na mbili. Alikaa akiitazama. Mtu anayezifungua moja moja, huyo haoni? Au aliona na akanyamaza? Kuna watu wanabadilisha vitu vya ndani na kuuza vile vizuri pembeni. Alimkumbuka yule mwanaume na viatu visafi, na hakujua tena alikuwa anakumbuka nini.

Ijumaa aliandika ripoti. Mstari wa mwisho ulisema: *Inafaa kumuuliza aliyezileta na aliyezipokea.* Kwake ulikuwa mstari wa kawaida, aliuandika mara nyingi. Gérant, meneja wa ofisi, Monsieur Kangwa, aliusoma huo tu. Saa nane Adalbert aliweka funguo za depo mezani na kuambiwa akae nyumbani mpaka Jumatatu saa nne, siku ya kuamua kama atabaki na kazi au hapana.

Alipiga simu akiwa barabarani, honi za magari zikimfunika.

“Joëlle, uliandika nini?”

“Niliandika kile niliona.”

“Unakula bukari yangu na unaandika jina yangu?”

“Sikuandika jina yako!”

“Aliyezipokea ni nani? Ni pusi?”

“Basi unielezee! Ulisema ulifungua moja moja. Kama ulifungua, uliona. Kama uliona, ulinyamaza juu ya nini?”

Honi. Kelele za makonda.

“Sikufungua,” Adalbert alisema.

“Unasema?”

“Hata moja. Nilisema vile juu nilitaka unione muntu wa maana.”

“Sasa mi nikuamini wapi? Ku uongo ya mbele ao ku hii ya leo?”

Adalbert alikata. Joëlle alibaki na simu sikioni kama mtu anayesubiri kurudishiwa kitu. Mwizi angesema uongo ule. Mwanaume wa kujionyesha angesema uongo uleule. Usiku na mchana aligeuza hilo neno na halikumpa jibu.

Jumapili baada ya misa, Estelle, dada mdogo wa Adalbert, alibisha hodi kwa Joëlle. Hakutaka kuingia wala kukaa. Alitoa mfuko mdogo wa plastiki.

“Yaya yangu Adalbert anasema ukamate kintu yako. Anasema kweli weye njo ulikamata wa kwanza.”

“Iko namna gani?”

“Anapiga pasi mashati. Tangu juzi. Mashati yote ya nyumba, hata ya baba.”

Ndani ya mfuko kulikuwa na kile kifaa cha Kenya.

Jumatatu saa moja asubuhi Joëlle alikuwa ofisini kabla ya wote. Hakuwa na mpango. Aliamsha mashine moja ya zile nane, akasubiri mfumo mdogo uingie. Dirisha jeusi likaja. Ndipo, kwa hasira zaidi kuliko kwa akili, akachomeka kifaa ubavuni mwa mashine, akang’oa kamba kwenye tundu lake na kuiingiza kwenye kifaa.

Mashine ikaona serveur. Asilimia moja. Asilimia mbili.

Joëlle alikaa chini kwenye sakafu.

Mashine haikuwa mbovu. Haikuwa ya wizi. Mfumo mdogo ulikijua kifaa cha Kenya lakini haukuijua kadi ya ndani, basi. Pilote aliiweka kwenye image kubwa peke yake, na image kubwa ilikuwa bado iko kwenye serveur, upande wa pili wa kamba! Mfumo mdogo ndio uliotakiwa kuijua kadi kwanza, ili uweze kwenda kuileta. Hilo ni kosa la mtu wa mwezi wa kwanza kazini, na yeye alikuwa na miaka tisa humo.

Alisoma namba ya kadi, akaingiza pilote yake kwenye mfumo mdogo, akautengeneza upya kwenye serveur. Mashine ya pili aliiamsha bila kifaa. Ikapita. Ya tatu ikapita. Alimpigia Adalbert mara tatu. Simu imezimwa.

Saa nne kasoro kidogo alitoka mbio kwenye korido. Mlango wa gérant ulikuwa umefungwa tayari. Aliingia bila kubisha. Adalbert alikuwa amesimama mbele ya meza, shati jeupe, mikunjo kama kisu.

“Patron, ripoti yangu haiko sawa.”

Monsieur Kangwa alivua miwani. “Kadi haiko tofauti?”

“Iko tofauti. Nilitafuta leo asubuhi: kiwanda kinaweza kubadilisha kadi mu modèle moja, jina ya inje inabakia ileile. Hata angefungua makatoni yote, bila bisibisi hangeona kintu. Kosa ni yangu. Pilote nilitia fasi moja, na ilipashwa fasi mbili.”

“Mwajiri wako atajua hii?”

“Nitamuandikia mi mwenyewe.”

Kangwa alikwenda kuona. Mashine nne zilikuwa tayari, nne zinajaa. Alirudi akikuna kidevu, hakuelewa chochote isipokuwa kwamba zinafanya kazi.

“Na weye, Kapya. Ulizifungua, hapana?”

“Ndiyo” moja ingetosha. Adalbert alimtazama Joëlle, kisha gérant.

“Hapana, patron. Nilihesabu makatoni tu.”

Kangwa alivuta droo, akatoa funguo, akazirusha mezani.

“Tangu leo unafungua. Mutoke bote mbele yangu.”

Katika depo kulikuwa na harufu ya karatasi na mpira mpya. Walisimama kati ya makatoni.

“Ulizima simu,” Joëlle alisema.

“Niliogopa sauti yako.”

“Siku tatu nilifikiri uko mwizi, Adalbert.”

“Na miye nilifikiri uliniuzisha.” Alivuta pumzi. “Joëlle, sijue kusema hii vizuri. Nataka nitume bantu kwenu.”

Kutuma watu kwa wazazi wa msichana ni kuposa, si mchezo. Joëlle alijifuta mikono kwenye jeans, vumbi la sakafu halikutoka.

“Usitie sahihi mbio vile. Fungua katoni kwanza.”

“Katoni gani?”

“Ya kwangu. Simu ya Kilwa ya Jumamosi, haiko mama peke yake. Niko na mutoto. Kiki. Ana miaka saba, anakaa kwa mama yangu. Baba yake alienda. Nilikuita muongo, na mi mwenyewe...”

Uso wa Adalbert ulikuwa kama uso wa Joëlle mbele ya dirisha jeusi. Alipanga makatoni mawili yaliyokuwa tayari yamepangwa.

“Njia ya Kilwa, mu hii mvua, iko namna gani?”

“Mubaya sana.”

“Viatu yangu itakufa.”

“Itakufa kabisa.”

“Basi sitatuma bantu bado,” alisema. Joëlle aliinamisha kichwa. “Kwanza mi mwenyewe naenda kuona Kiki. Jumamosi. Kiisha ile njo bantu bataenda kwenu, na bataenda juu ya bantu babili, weye na Kiki.”

Joëlle alicheka, machozi yakamtoka palepale, hakujua kipi kilianza. Alitoa kifaa cha Kenya na kukitia katika mfuko wa shati jeupe, na mkono wake wenye vumbi ukaacha alama juu ya pasi yote ile. Adalbert hakuifuta.

Kifaa kiliondoka tena kikiwa mfukoni mwa mwanaume. Safari hii Joëlle alielewa ilikuwaje.