Mama Namba Thelathini

Saa nne asubuhi soko la Owino halina huruma. Ayaa alisukumwa na mwanamke mwenye furushi la mashuka, akayumba na faili lake kifuani, na mguu ukatua katikati ya viatu vya watu. Safu nzima ikalala chini.

"Nyabo, si ungevijaribu kwanza kabla ya kuvikanyaga?"

Mwenye viatu alikuwa kijana mrefu, shati la kitenge la bluu limepigwa pasi mpaka kola imesimama wima. Kiswahili chake kilikuwa cha Bukavu, Kongo, kabisa.

"Pole, kaka. Nitavipanga."

"Vipange polepole. Kwa mtu mzuri sina haraka."

"Muuza viatu, maneno yote hayo ya nini?"

"Na wewe makaratasi yote hayo? Unahesabu watu?"

Ayaa akacheka, akamweleza. Chuo chao cha Kampala na chuo kimoja cha Ulaya vilikuwa vikitafiti pamoja jinsi akina mama wa Kongo walivyovuka mpaka na watoto. Yeye, binti wa sajini, alikulia kwenye kambi ya jeshi, na Kiswahili cha huko ndicho kilichompatia kazi. Alitakiwa kuwahoji mama thelathini. Msaidizi mmoja wa utafiti, atakayefanya vizuri zaidi, angechukuliwa akasome Ulaya, na nafasi hiyo Ayaa aliitaka kufa na kupona.

"Mama thelathini? Mtaani kwetu Namuwongo nitakupatia ishirini kabla hujala mchana. Naitwa Guerschom. Nipe namba."

"Ya utafiti?"

"Tuanze na ya utafiti."

Mnajua mambo haya. Wiki ya pili simu zilikuwa hazina utafiti tena. "Sheri wangu, umekula?" "Nimekula." "Umekula nini, nione wivu?" Basi Ayaa anajichekea peke yake kwenye foleni ya benki, watu wanamtazama.

Guerschom akampeleka kwa mama yake, Mama Nabintu, karibu na reli. Akapewa bugali na sombe ya majani ya muhogo, akaongezwa, akaongezwa tena. Alipotoa faili, yule mama alitikisa kichwa.

"Chakula nitakupa, mwanangu. Habari za njiani, hapana."

Ayaa akalirudisha faili kwenye mkoba.

Jumapili moja, baada ya misa ya Lubaga, wameketi kwenye nyasi, Guerschom alimsimulia mwenyewe. Alikuwa na miaka sita walipokimbia Kongo. Mama yake aliwabeba yeye na mdogo wake, Annick, aliyekuwa na homa. Nguvu zilipomwisha, alimpa Annick mwanamke mmoja aliyekuwa juu ya lori. Hawakumwona tena.

"Sijawahi kumwambia mtu," alisema. "Hata mama hajui kwamba nakumbuka."

Ayaa alimshika mkono, akalia naye. Machozi yale yalikuwa ya kweli, jamani, msimsingizie.

Lakini mama wa thelathini alihamia ghafla kambi ya wakimbizi ya Nakivale kabla hajahojiwa, na fomu zilitakiwa Ijumaa. Alhamisi mchana Ayaa akakaa mezani, akaandika. Jina akabuni, umri akabadilisha, lori akaliacha lilivyo. Chini ya karatasi ya ridhaa palitakiwa alama ya kidole. Akatazama kidau cha wino, akabonyeza kidole gumba chake mwenyewe. Msiniulize alifikiria nini. Alifikiria Ulaya.

Siku ya kutangaza matokeo, akina mama walialikwa ukumbini. Mama Nabintu hakuhojiwa, lakini alikuja, amevaa kitenge kipya na kilemba kirefu, amtazame mkwe wake mtarajiwa akisimama mbele za watu. Ayaa alivaa gauni la kijani alilochaguliwa na Guerschom. Mgeni kutoka Ulaya, mama wa miwani mwenye upole mwingi, akaonyesha maandishi ukutani.

"Mama namba thelathini," alisema. "Kule kwetu kila mtu alilia. Ayaa, tusomee kwa Kiswahili."

Ayaa akaona ukuta. Yalikuwa maneno aliyoyaandika ile Alhamisi. Angeweza kukataa. Alisoma.

"'Nilimpa mtu wa lori mtoto wangu. Lori likaondoka naye analia, ananinyooshea mikono.'"

Ukumbi ukapiga makofi. Mama Nabintu akainuka, akakaza kitenge kiunoni, akatoka bila kumtazama mtu. Guerschom alimtazama Ayaa mara moja tu, akamfuata mama yake. Ayaa akatamani ardhi immeze na gauni lake.

Siku ya tano ndipo simu ilipopokelewa.

"Guerschom, mpenzi..."

"Usiniite hivyo."

"Ilibaki fomu moja tu..."

"Mama alikukatalia kwa mdomo wake, ukila sombe yake! Na mimi nilikuambia wewe, Ayaa. Sikuwaambia wao."

"Naona aibu."

"Wewe unaona aibu. Mama ameacha kwenda sokoni."

Kesho yake Ayaa alisimama mbele ya Profesa Obita, mkuu wa utafiti upande wa Kampala.

"Mama namba thelathini hayupo. Kidole ni changu."

Profesa alivua miwani. "Unajua nafasi ya Ulaya imekwenda?"

"Najua. Naomba ukurasa ule ufutwe."

Barua ikaandikwa, ukurasa ukafutwa, na jina lake pia. Alidhani angetoka mwepesi. Wapi! Aibu ilishuka naye ngazi zote.

Namuwongo alimkuta Mama Nabintu akichambua majani ya muhogo, Guerschom amesimama mlangoni. Ayaa akapiga magoti.

"Mama, nimeyaondoa. Hayapo tena popote."

"Na kwenye vichwa vya watu wale?"

Mama aliendelea kuchambua majani yake.

"Ulisoma kwamba alilia," alisema. "Annick hakulia. Alikuwa amelala. Angelia, ningemrudia."

Kilio cha mtoto Ayaa alikitunga mwenyewe, ili fomu ipendeze. Akainamisha uso mpaka sakafuni. Mlangoni, Guerschom alikuwa akifuta macho kwa mkono wa shati.

Guerschom alimsindikiza mpaka relini bila kumshika mkono.

"Hilo la kulala hajawahi kuniambia," alisema. "Kesho uje umsaidie kutwanga sombe. Mimi bado nina hasira."

"Nije kama nani, Guerschom?"

"Kama mtu aliyetukosea. Kwa sasa ni hivyo tu."

Ayaa akaitikia kwa kichwa. Kesho yake saa moja asubuhi alikuwa mlangoni.