Bunduki Hainunuliwi Kama Maksai

Jamani, ngojeni niwasimulie yaliyotupata nyumbani!

Nilikuwa nimerudi likizo kutoka chuo cha ualimu, Sumbawanga. Mimi na mama tulikuwa uani tunapukuchua mahindi. Mara baba akaingia na baiskeli. Alikuwa amefunga kitu kirefu kwenye fremu, kimeviringishwa kwa kiroba cha mbolea.

"Silvana, nguruwe pori wanaotulia mahindi wamekwisha!" akamwambia mama huku anacheka.

Akafungua kiroba. Bunduki!

Mama akadondosha gunzi. "Clemens! Umeitoa wapi hiyo?"

"Nimenunua kwa Maximilian, kule Chala. Kihalali kabisa. Karatasi hii hapa. Jovina, msomee mama yako."

Nikasoma kwa sauti: "Mimi Maximilian nimemuuzia Clemens bunduki moja." Chini kulikuwa na mashahidi wawili na alama ya dole gumba.

Kwetu Ufipa, hivyo ndivyo tunavyonunua maksai wa kulimia. Mnaandikishana, mashahidi wanasaini, unamswaga mnyama wako nyumbani. Na baba kanunua bunduki vilevile!

"Baba, leseni iko wapi?"

"Anayo Maximilian. Ina jina lake, mimi ya nini?"

 Mama akachukua mkeka, akahamia jikoni. "Mimi na hicho chuma hatulali chumba kimoja," akasema.

Siku ya kwanza baba alimcheka. Siku ya pili aliacha kucheka. Pikipiki ikipita, anachungulia dirishani. Siku ya tatu tukasikia polisi wanakagua magari na baiskeli njia ya Namanyere. Ugali ukamshinda.

"Nitaifukia shambani," akanong'ona.

"Ukiifukia ndiyo utaonekana jambazi!" mama akasema. "Jovina, kamwite Bwana Lugano."

Bwana Lugano ni jirani yetu, mtu wa Mbeya. Ndiye mtendaji wa kijiji.

"Usimwite! Ataniuza yule!" baba akasema. Lakini mimi nilishafika mlangoni.

Bwana Lugano akaja. "Shikamoo, mzee Clemens."

"Marahaba." Sauti ya baba ilikuwa ndogo kama ya kifaranga.

"Ina risasi ndani?"

"Sijui."

Hajui! Siku tatu ilikuwa chini ya kitanda chake!

"Basi asiiguse mtu," Bwana Lugano akasema. "Mzee, bunduki si maksai. Kibali kwanza, bunduki baadaye. Leseni ya Maximilian haikulindi wewe."

"Nyie watu wa Mbeya mnapenda sana makaratasi," baba akajaribu utani. Hakuna aliyecheka. "Sasa niibebe niipeleke polisi?"

"Usithubutu! Ukikutwa nayo njiani, nani ataamini kwamba ulikuwa unaipeleka polisi? Nitapiga simu, waje wenyewe."

Walikuja askari wawili. Aliyeongoza alikuwa mama mmoja, Afande Redempta. Alituambia tukae nyuma yake. Akaelekeza mdomo wa bunduki chini, akaifungua.

Risasi moja ikaangukia mkononi mwake.

"Siku tatu!" mama akapiga kelele. 

"Mzee, umeshukuru Mungu?" Afande akauliza. Kisha akasema, "Kwamba mmetuita wenyewe, hilo litaandikwa. Lakini kosa limetendeka. Wewe na aliyekuuzia mtatoa maelezo. Uamuzi si wangu."

Bunduki ikaenda kutunzwa polisi, lakini mama akaendelea kulala jikoni. Wiki tatu tuliishi roho juu. Simu ikiita, baba anatutazama sisi kwanza. Mwishowe akaitwa Namanyere. Alirudi jioni, kachoka, lakini karudi! Walimpa onyo kali. Maximilian naye alipata lake.

Kesho yake baba akamfuata Bwana Lugano. "Nianzie wapi?"

"Hapa hapa kijijini. Unaandika maombi, unaeleza sababu. Kamati ya ulinzi na usalama ya kijiji inakujadili, halafu kata, halafu wilaya. Polisi wanachunguza mwenendo wako, wanachukua alama za vidole. Lazima ujue kuitumia, na uwe na mahali salama pa kuifungia. Na hata ukiipata, kabla ya kumpiga nguruwe pori, waulize watu wa wanyamapori."

"Mbona ni safari ndefu!"

"Ndiyo. Ya gerezani ni ndefu zaidi."

Miezi ikapita; nikaenda chuo, nikarudi likizo nyingine. Nguruwe tuliwafukuza kwa kupiga madebe, mpaka mikono ikauma.

Juzi baba kaidhinishwa! Polisi waliitoa ile bunduki waliyoitunza, wakasoma namba iliyochongwa juu yake, wakailinganisha na ya kwenye leseni mpya. Zikafanana. Na jina ni la Clemens mwenyewe. Kila mwaka ataihuisha leseni hiyo.

Alipofika nyumbani, hakuipeleka chini ya kitanda. Fundi alikuwa ameshatufungia sanduku la chuma ukutani. Mama akasimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Ina risasi?"

Baba akaifungua, akamwonyesha. Tupu. Akaifungia sandukuni, akavaa ufunguo shingoni.

Mama akashusha mikono. Kisha akaenda jikoni, akakunja mkeka wake, akaurudisha chumbani.