Picha ya Aika Isiyo na Rangi

Uvumi ule ulimganda Inspekta Faudhia kama kupe. Miaka ile kompyuta ndiyo zilikuwa zinaanza kuingia mitaani, na watu wakasema binti akipigwa picha kwa Frederick mpiga picha, pale Lemara, mwaka hauishi anakufa. Alijua ni upuuzi. Hata hivyo alimkataza bintiye kukanyaga pale.

Jumanne asubuhi mwili wa Aika, miaka kumi na mitatu, uliopolewa kwenye mfereji wa kumwagilia mashamba huko Nduruma. Amevaa sweta jipya la shule, rangi ya damu ya mzee. Daktari alisema amenyongwa kabla ya kutupwa majini.

"Sweta kapewa shuleni jana mchana," alisema Marta, mama yake, macho makavu. "Wamebadilisha rangi. Miaka yote yalikuwa ya kijani. Wenzake walimwona akitoka nalo shuleni, nyumbani hakufika."

"Kuna unayemshuku?"

"Kila mtu anamtaja yule wa picha. Mimi sikumruhusu mwanangu apigwe hata moja."

Lakini siku ya mazishi, juu ya jeneza palikuwa na picha. Aika anacheka, kavaa sweta la shule. Nyeusi na nyeupe. Kabla udongo haujakauka, vijana walishafika mlangoni kwa Frederick na mawe mkononi. Faudhia akawapita kwa viwiko.

"Aika ulimpiga picha lini?"

"Sijawahi, afande."

"Usinichezee. Na mimi nina binti."

"Picha kaileta baba yake mdogo, Reginald, yule dereva wa watalii. Ana kamera yake ya dijitali. Kataka niitoe rangi, eti marehemu hawekwi na rangi. Nikamwambia siku hizi wanaweka. Akanifokea."

"Yenye rangi iko wapi?"

"Nilibadilisha nakala tu. Yenyewe ipo."

Akaifungua kwenye kompyuta. Bila rangi, sweta la kijani na la damu ya mzee yote ni kijivu kilekile. Hili halikuwa la kijani.

Kituoni, Reginald alikaa amekunja nne.

"Aika ulimwona lini mara ya mwisho?"

"Mwezi wa kumi na mbili, alipofunga shule. Ndiyo nikampiga ile picha."

Faudhia akabamiza picha ya rangi mezani.

"Sweta hili kalipata Jumatatu mchana. Jumanne tumemtoa mferejini. Haya, niambie tena ni mwezi gani."

Mguu ukashuka.

"Nilimwambia apande gari nikampige picha, Mlima Meru uonekane nyuma. Mama yake alikuwa anamkataza, kwa hiyo alikuwa na hamu."

"Kwa nini umwue?"

"Shamba la marehemu kaka. Kahawa na migomba yote kamwachia huyo. Mtoto wa kike. Aolewe aende nalo kwa watu?"

"Na picha ukaitoa mwenyewe."

"Shangazi zake walinibana, wakaniambia: Mwenye kamera ni wewe, mtoto azikwe bila sura? Sikuwa na nyingine."

"Alikuchekea hivi," Faudhia alisema, kidole juu ya picha, "halafu ukamshika shingo."

Reginald hakuitazama.

Wazazi, yaepukeni haya:

Usishike uvumi ukaacha kumuuliza mtoto anarudi na nani.

Usimkataze kitu bila kumweleza sababu. Atakitafuta kwa mwingine.

Usimpandishe gari la mtu kwa kuwa tu ni baba mdogo.

Usibebe jiwe kwenda kwa mtu ambaye hujamuuliza neno.

Usipokee picha iliyotolewa rangi kabla hujaiona yenye rangi.